Tarumbeta la Diski ya Ua Jekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Redio ya diski imekufa leo asubuhi. Imefungua mdomo, imegoma kufunga. Nimeipiga kibao upande wa kulia. Kwa kawaida husikia. Leo haikusikia. Nimeipiga upande wa kushoto, ikatoa moshi kidogo, basi.

Mama watoto alikuwa anapiga pasi sare yake ya uuguzi. Akauliza kama nimemaliza kuichapa, ili aseme neno. Nikamwambia aseme. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo siku yake ya kuagwa kazini. Anastaafu. Wauguzi wenzake wote watakuja hapa nyumbani, uani. Hataki zawadi. Hataki hotuba yangu. Hili la hotuba alilirudia, sijui kwa nini. Anataka kitu kimoja tu: acheze wimbo wetu mbele ya wenzake. Amewasimulia miaka yote wodini, sasa wauone kwa macho.

Wimbo wetu ni wa pili katika diski ya ua jekundu, ile yenye picha ya ua usoni. Tunaucheza sebuleni kila Jumapili baada ya kuosha vyombo, tangu tulipohamia nyumba hii. Katikati kuna tarumbeta. Si tarumbeta la mchezo. Linapanda, pa-pa-paa, linarudia palepale, pa-pa-paa, linarudia, linarudia tena, mpaka unadhani mpigaji atapasuka kifua, ndipo wimbo unaendelea. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote. Sijasikia mpigaji mwingine mwenye ujasiri wa kung'ang'ania jambo moja namna ile. Ananikumbusha mimi. Hapo kwenye tarumbeta mama watoto hupiga hatua pembeni, hatua, hatua, hatua, kisha hugeuka. Utamu wote uko hapo.

Shemeji alikuwepo. Huyu ni mdogo wake mama watoto, jirani yetu, tumetenganishwa na uzio tu. Alikuwa karani wa stoo na mpaka leo anatembea kama mwenye funguo mfukoni. Akatoa simu. Akasema humo ndani zimo nyimbo elfu na zaidi, na spika kubwa anayo, kwa hiyo muziki wa Jumamosi aachiwe yeye. Kisha akazitazama katoni zangu tatu za diski. Akasema, "Shemeji, hizi siku hizi ni za kutishia ndege."

Nimemjibu kwamba kabla ya siku hiyo diski zangu zote zitakuwa ndani ya kompyuta, ile binti yetu aliyotuachia, na yeye mwenyewe atakuja kuniomba nyimbo. Mama watoto alibaki na pasi hewani. Nadhani ni fahari ilimshika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazi imeanza. Kwanza usafi. Diski zote nimeziosha kwa sabuni ya vyombo na kuzianika kwenye kamba, kila moja na kibanio chake, katikati ya sare za mama watoto. Zilipendeza. Mama watoto alirudi kazini akasimama chini ya kamba muda mrefu. Akauliza vibanio vya nguo viko wapi, maana shuka zake ziko chini kwenye beseni. Nikamwambia asiwe na papara, mambo makubwa yanafanyika.

Kompyuta nimeiwasha mwenyewe. Shemeji anasema sikusoma. Uongo. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Herufi zote nazijua, nikipewa nafasi. Binti alinielekeza kwa simu: baba, ingiza diski, bonyeza Nakili, subiri, itoe. Akaanza kusema jambo jingine kuhusu majina, kwamba kila diski niipe jina lake. Nikamwambia binti yangu, hizi diski nazijua kwa sura, majina ni ya wageni. Akacheka. Akasema haya baba, ila usome inachouliza. Nikakata simu nisipoteze muda.

Diski ya kwanza kuingia ilikuwa ya ua jekundu. Heshima yake. Kompyuta ikanguruma, ikanyamaza, ikaitema. Ndani nikaona nyimbo zote, zimejipanga. Nikasikiliza ule wa pili, pale kwenye tarumbeta. Pa-pa-paa, pa-pa-paa. Umeingia mzima.

Nani mzee sasa?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Natisha. Katoni ya kwanza imeisha, ya pili iko nusu. Diski inaingia, inatoka, inaingia nyingine. Mgongo unauma lakini mgongo haukuulizwa.

Kompyuta hii ina adabu. Kila diski mpya ikiingia inauliza swali. Swali lenyewe refu, mistari mitatu, na chini yake kuna Ndiyo na Hapana. Mstari wa kwanza niliusoma siku ile ya Jumanne, ukanichosha. Mimi ni mtu wa msimamo. Mtu wa msimamo akiulizwa anajibu Ndiyo. Hapana ni ya watu kama shemeji, waliozoea kunyima watu vitu dirishani.

Mama watoto amepita na ufagio. Ameuliza hizi zilizokwisha kunakiliwa zinakwenda wapi, maana kona hiyo anaitaka kwa viti vya wageni. Nikamwambia nitawaza. Akasema niwaze huku nabeba.

Ameuliza pia kama wimbo wake umo. Nikamwambia ulikuwa wa kwanza kuingia. Baadaye nilimsikia jikoni akiuimba kwa mdomo uliofungwa, mpaka pale kwenye tarumbeta, na sufuria zikawa zinagongana kwa hatua zake. Wiki nzima hajaimba. Wenzake wanamwambia atabaki nyumbani kuhesabu mabati ya dari. Anajitia hamnazo, lakini inamkera.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimemvua shemeji nguo mchana kweupe, na mwenyewe ameshukuru.

Nyanya zake zinaliwa na ndege. Amesimika sanamu la kitambaa, ndege wanalikalia kichwani. Nilimkuta anawarushia kandambili. Nikamwambia shemeji, ulisema kweli, zile diski zinatisha ndege, zikining'inia zinapiga mwanga kama radi. Macho yakamtoka. Nikamwambia katoni zote tatu ni zake. Ila na yeye aniachie muziki wa Jumamosi, na spika aniazime.

Alikuna kidevu. Akauliza kama sitazihitaji tena. Nikacheka. Nikamwambia zote nimemaliza kunakili, nyimbo ziko ndani ya kompyuta, hayo ni maganda tu. Ndizi nimeshakula.

Tulipeana mkono. Jioni bustani yake yote ilikuwa inametameta, kila diski imetungwa uzi kwenye tundu la katikati, juu ya vijiti. Ndege hata mmoja hakutua. Shemeji amekaa kwenye kiti chake anatabasamu. Hajui kwamba amekubali maganda akatoa spika. Karani wa stoo huyo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimevaa shati safi. Vyombo vimeoshwa. Nikamwambia mama watoto aketi, leo tunafanya mazoezi na kompyuta. Akavua kandambili, akasimama katikati ya sebule, akangoja.

Nikafungua. Nikabonyeza wimbo wa pili.

Sauti ya mwanamume ikasema: sakafu ya banda iwe kavu wakati wote.

Nikabonyeza wa tatu. Sauti ileile ikaeleza habari za kinyesi cha kuku, kinavyopaswa kuwa kikiwa cha kawaida. Wa nne, chanjo. Wa tano, majogoo wanaopigana.

Hiyo ni diski ya mafunzo ya ufugaji aliyoniletea mkwe wangu mwaka jana. Nilikuwa nimeiingiza ya mwisho kabisa, kwa kumpa heshima yake. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho wa kinyesi. Akauliza huu ni wimbo gani, maana hatua zake hazijui. Nikamwambia kompyuta inapasha moto koo. Akavaa kandambili zake akatoka nje.

Nimetafuta kila mahali. Nimefungua kila kisanduku kilichomo humo ndani. Kuku. Kuku. Kuku. Katoni tatu za muziki, na humo ndani kuna kuku peke yao.

Kompyuta imezificha. Hakuna namna nyingine.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeibeba kompyuta kwa mfuko mpaka kwa fundi. Ni binti mmoja ana kibanda kando ya barabara, miwani puani, bisibisi sikioni. Akaniamkia vizuri. Akaigusa mara mbili tatu, akaanza kuuma mdomo. Kicheko alikuwa anakimeza. Nimelea watoto, najua.

Akanieleza hivi. Kwa kuwa sikuzipa diski majina, kompyuta ilizipa nyimbo majina yake yenyewe: Wimbo wa Kwanza, Wimbo wa Pili, kuendelea. Kila diski ilipata majina yaleyale, na zote nikaziweka kwenye kisanduku kilekile. Diski mpya ikija, wimbo wake wa pili unakaa mahali pa wimbo wa pili wa zamani, na wa zamani unafutwa. Diski ya kuku ina vipande vingi kuliko zote, kwa hiyo imefagia kila kitu.

Nikauliza kompyuta gani hiyo inayomfuta mtu bila kumwambia. Akageuza kioo akanionyesha. Akasema, "Mzee wangu, ilikuuliza kila mara. Ilisema nyimbo zenye majina haya zipo, je, nizifute niweke hizi? Ukasema ndiyo."

Nikamwambia swali la kufuta mtu lisiandikwe kwa herufi ndogo vile. Akakubali kwamba herufi ni ndogo. Kwa hiyo ukiangalia vizuri kosa si langu, na fundi amekiri.

Akasema hakuna shida, nilete diski tu, hata ile moja, atainakili papo hapo.

Nilisimama pale kibandani kama mtu aliyesahau njia. Diski.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nisipoipata diski ya ua jekundu, mama watoto atasimama uani mbele ya wodi nzima acheze chanjo ya kuku.

Kumwomba shemeji haiwezekani. Nikimwambia, muziki anauchukua, spika anaichukua, na hadithi anaichukua vilevile, ataisimulia mpaka nizikwe. Kwa hiyo nimekwenda kwa akili. Nimejipitisha bustanini kama mtu anayenyoosha miguu. Nikasifu nyanya. Nikasema diski zimeanza kushika vumbi, zikishika vumbi ndege wanazizoea, afadhali nizichukue nikazioshe. Nilimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikampwaya.

Shemeji akasema asante, mvua itaziosha.

Mvua. Nikatazama juu. Kweli kulikuwa na wingu.

Nimejaribu kuitambua kwa mbali. Haiwezekani. Zinazunguka kwa upepo, sura inaonekana mara moja na kupotea. Nikawa nageuza kichwa kuzifuata. Shemeji akaniuliza kama shingo inaniuma. Nikasema ndiyo. Akaniletea dawa ya kuchua, na akasimama kuhakikisha naipaka.

Shingo inawaka moto sasa. Haikuwa na tatizo lolote.

Mama watoto ameuliza kama kompyuta imepona koo. Nikasema karibu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefanikiwa. Nitaandika kila kitu kwa sababu hakuna mwingine wa kulisifu jambo hili.

Alfajiri, mwanga ndio unaanza, nikaruka uzio. Kuruka ni neno la haraka, nilikuwa juu pale kwa muda, suruali imeshikwa na msumari. Nimechukua kifuniko cha sufuria cha mama watoto, kile kidogo chenye tundu katikati baada ya kishikio kung'oka. Mpango: naitoa diski, naning'iniza kifuniko. Kinang'aa vilevile. Shemeji hatajua hata siku ya mwisho.

Nilikagua diski moja moja. Ilikuwa kijiti cha nyuma kabisa, ua linanitazama. Uso una madoa ya ndege, lakini ni yenyewe. Nimeitoa, nimetunga kifuniko, nimetia diski kifuani ndani ya shati. Na hapo shemeji akakohoa mlangoni kwake.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilinyanyua mikono nikaanza kuipunga na kupiga kelele, sh, sh. Shemeji akauliza nafanya nini katikati ya nyanya zake. Nikamwambia wameingia ndege, kundi zima, nimewaona kutoka dirishani kwangu, nikasema siwezi kuacha mali ya shemeji iliwe huku natazama. Kisha akaguswa. Akasema kumbe undugu bado upo. Akaomba niendelee kuwafukuza mpaka jua litoke vizuri, wasirudi, yeye arudi kitandani kidogo.

Nimepunga mikono mpaka jua limetoka. Kila nikiacha, pazia lake lilitikisika.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kwa fundi tena, na kompyuta. Amefuta madoa kwa kitambaa laini, ameinua diski kwenye mwanga, akasema ina mkwaruzo. Mrefu, wa zamani, unakata katikati ya wimbo wa pili. Akaicheza. Tulipofika kwenye tarumbeta, pa-pa-paa, pa-pa-paa, akanyoosha kidole: hapo, mzee wangu, hapo inakwama. Mashine inafika kwenye mkwaruzo inarudi nyuma, inarudi nyuma, mpaka inaruka. Akasema anaweza kuinyoosha iwe safi, tarumbeta lilie mara moja kama lilivyopigwa.

Nimemsikitikia. Binti mzuri, kazi anaijua, lakini muziki hakufundishwa. Nikamweleza taratibu. Mpigaji anarudia makusudi. Anaanza jambo, halikubali, hakubali yeye pia, anarudia mpaka linakubali. Huo ndio ufundi wenyewe. Nikamwambia akithubutu kunyoosha hata pumzi moja sitamsamehe. Akanitazama juu ya miwani. Akasema sawa, tunaiacha ilivyo.

Amenitilia kwenye flashi, kidude kidogo kama kidole cha mtoto. Nimemwambia na yale ya kuku yaliyomo kwenye kompyuta ayatie humo pia, ni mali ya mkwe. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Sebuleni nimemkuta shemeji. Ameketi. Magotini ameshika kifuniko cha sufuria.

Alikuwa anamuuliza dada yake kama anakifahamu. Dada yake anakifahamu, amekitafuta tangu jana na maharage yamekauka. Wakanigeukia wote wawili. Ukoo mmoja, macho yaleyale.

Sikusema mengi. Yaliyobaki walijazia wenyewe. Kuku, kisanduku kimoja, ndiyo ndiyo ndiyo, uzio, ndege. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Aliporudi akasema makubaliano yamevunjika, muziki ni wake. Tena asijali dada yake, wimbo ameshautafuta kwenye simu jana, ameupata, msafi kabisa kama umepigwa leo.

Nikamtazama mama watoto. Nikatoa flashi. Nikamwambia umo humu, safari hii kweli.

Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amechoka. Akasema, "Baba watoto, nimeosha vidonda vya watu maisha yangu yote. Siku yangu moja hii, usinitie aibu. Acha mdogo wangu apige."

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Sina la kuandika.

Nimepanga viti uani. Nimefunga taa. Nimefagia mara mbili na mama watoto hakuniambia hata mara moja. Shemeji ameleta spika yake. Amenikataza kuigusa. Nimeiangalia tu, kwa nyuma. Ina tundu la flashi.

Nimeangalia tu.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nilikuwa sahihi. Naandika kwa furaha, na kwa mkono unaouma kwa kubeba viti.

Wauguzi walijaa uani jana, wa zamani na wa sasa. Wanawake wa vicheko vikubwa. Mkuu wa wodi alitoa hotuba. Mimi niliombwa nisitoe. Kisha wakapiga makofi wakasema bibie, ule wimbo uliotusimulia kila zamu, haya sasa.

Mama watoto akavua viatu. Akasogea katikati. Shemeji akabonyeza simu yake kwa kidole kimoja, kama daktari.

Wimbo ulianza. Msafi, ndiyo, sikatai. Gitaa unazisikia mpaka kucha za mpigaji. Mama watoto akaanza taratibu, mabega kwanza. Halafu tarumbeta likaja. Pa-pa-paa. Akapiga hatua pembeni, akainua mguu wa hatua ya pili, na wimbo ukawa umeshakwenda. Umeendelea zake. Mwimbaji anaimba, na mama watoto kabaki na mguu mmoja juu, hana pa kuuweka.

Mtu akacheka. Si kwa ubaya, lakini akacheka. Mama watoto akajaribu kuudaka wimbo, akaukosa, akasimama. Hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi.

Sikumbuki kuvuka ua. Nakumbuka shemeji akisema we we we. Nimechomoa waya wa simu yake, nimechomeka flashi. Nikageuka nikanyoosha mkono kama mkuu wa bendi.

Spika ikasema: kuku mgonjwa hujitenga na wenzake, hula kidogo, na hupenda kusinzia.

Uani kulipasuka. Mkuu wa wodi alimwaga soda. Mama watoto alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, nikadhani nimemuua. Nikabonyeza, nikabonyeza, kuku wakapita mmoja mmoja, ndipo wimbo wetu ukaja.

Gitaa zikalia na ule mchakacho wake wa chini kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Alipoondoa mikono usoni alikuwa anacheka na machozi pamoja. Akaanza upya. Na tarumbeta likafika. Pa-pa-paa, hatua. Pa-pa-paa, hatua. Pa-pa-paa, hatua. Likang'ang'ania, na yeye akang'ang'ania, na mguu kila mara ulipata mahali pake. Kisha akageuka, na wimbo ukamfuata.

Wenzake wakapiga yowe. Wakataka tena. Mara ya pili waliingia wote, mstari mmoja wa wauguzi wanakwenda pembeni, hatua, hatua, hatua, mpaka kwenye uzio na kurudi. Shemeji naye alikuwemo, nyuma kabisa. Anakosea.

Walipoondoka mama watoto aliketi kwenye ngazi, miguu kwenye beseni la maji. Nikamwambia ule wa shemeji ni bandia, wameukata tarumbeta kupunguza gharama. Shemeji akasema wa kwangu ndio mbovu, una mkwaruzo, hata mtoto anasikia. Tukabishana. Mama watoto akatuambia tunyamaze. Akasema mkwaruzo anaujua tangu siku ulipotokea, alikuwepo, diski iliniponyoka mimi wakati tunahamia, ikaburuzika sakafuni, na Jumapili ile ilipokwama mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele ya redio nimeduwaa, mkono kifuani, nasema sikiliza, sikiliza mtu huyu. Akashindwa kuniambia. Akaona apige hatua tu.

Nimemsikiliza kwa heshima zote. Alikuwa amechoka, siku ilikuwa ndefu. Mtu aliyechoka huchanganya mambo.

Diski ya ua jekundu ameichukua. Ameifungia kwenye sanduku la sare zake, na ufunguo sijui ameuweka wapi. Anasema ni kwa usalama. Sijaelewa ni usalama dhidi ya nani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mama watoto amelala mpaka jua limepanda, mara ya kwanza tangu nimjue. Nyumba imetulia. Nafasi nzuri ya kazi.

Nimemwambia shemeji kwamba ushindi wa Jumamosi umenipa moyo, na nyimbo nyingine zote lazima ziokolewe. Akanirudishia katoni mbili bila maneno. Ya tatu ameibakisha kwa ajili ya ndege. Badala yake nimempelekea vifuniko vyote vya sufuria, maana nimeona kimoja kilifanya kazi vizuri. Mama watoto akiamka nitamweleza.

Nimefikiria pia kumtafuta yule mpiga tarumbeta, nimwandikie nimpongeze. Mtu kama huyo anahitaji kujua kwamba kuna mwenzake.

Binti amepiga simu. Baba, safari hii zipe majina. Nikamwambia nimeshajifunza, mimi si mtoto. Nimezipa. Ya kwanza nimeiita Nzuri. Ya pili nimeiita Nzuri pia, kwa sababu ni kweli.

Kompyuta imeuliza swali lake, ile mistari mitatu, herufi bado ndogo. Imeonyesha Ndiyo na Hapana.

Nimeshajibu.